Nafasi ya Mtu Mmoja

Walimu wengine wa shule ile walifundisha insha wakiwa wamekaa. Mwalimu anaandika kichwa ubaoni, "Faida za Maji", anawaambia watoto waandike kurasa mbili, kisha anavuta kiti na kuzama kwenye simu yake. Siku ya kusahihisha ndipo anapolalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana akili. Mama Aya hakuwa wa namna hiyo. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi, likamkaa kiasi kwamba hata mkuu wa shule alilitumia akijisahau.

Miaka yote aliyofundisha, alikuwa na ugomvi na kitu kimoja tu. Hakuweza kuvumilia aya inayoanza na mvua, ikamrukia mjomba, ikaishia kwa kuku wa jirani, halafu mwenyewe anakuletea daftari huku anatabasamu. Aya, aliwaambia, ni watu wa nyumba moja. Sentensi ya kwanza ni mwenye nyumba; inakufungulia na kukuonyesha umeingia kwa nani. Zinazofuata ni ndugu, na kila mmoja ana la kuongeza kuhusu jambo lile lile. Ya mwisho inakusindikiza nje. Mpita njia asiyehusika hapewi kiti humo, hata angekuwa amevaa vizuri namna gani.

Maneno hayo hata kasuku angeyakariri, ndiyo maana hayakumtosha. Alibuni njia yake mwenyewe, akaiita aya ya kusimama. Aliwatoa wanafunzi wachache nje ya mlango, akainama kwenye sikio la kila mmoja na kumnong'oneza sentensi moja. Wakarudi ndani, wakasimama mbele ya ubao ovyo ovyo, kila mtu na sentensi yake kichwani. Kisha darasa zima likawapanga: wewe nenda mwanzo, wewe rudi nyuma, hapana, huyu hawezi kuja kabla ya yule. Waliopatana maana walishikana mikono. Mnyororo ukikatika mahali, aya imekatika hapo, na hakuna haja ya mwalimu kusema neno. Kelele zilikuwa za sokoni. Mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani alishashitaki mara kadhaa, akaambiwa avumilie, kwa sababu watoto wa Mama Aya walifaulu.

Nyumbani alikuwa peke yake na mama yake. Hakuwahi kuolewa, na aliyemuuliza kwa nini alijibiwa kwamba kazi ya kusahihisha makosa alikuwa nayo ya kutosha. Nyumba yao ilikuwa ile ile alimozaliwa: vyumba viwili na sebule, na mlango wa nyuma unaotoka kwenye ua mdogo wa saruji wenye bomba, kamba ya nguo, na ukuta mrefu. Mama alikuwa mshonaji, na mdomo wake haukujua likizo. Alishona akisema, akala akisema, na majirani walisema hata akilala anaendelea na mazungumzo. Kisha kiharusi kikamwangusha juu ya cherehani yake, upande mzima wa kulia ukafa, na maneno yote yale yakaenda zake. Yalibaki machache tu, na Mama aliyarudia mchana na usiku bila mpangilio, leo hili, baada ya saa nzima lile, macho yake yakiwa kwenye mlango wa nyuma.

Kilichotisha zaidi ni kwamba hakulala. Alifumba macho kidogo kama mtu anayekwepa vumbi, akayafumbua tena. Daktari aliandika dawa, hazikusaidia, akaandika nyingine. Kuhusu yale maneno alisema ni mabaki tu, ubongo uliojeruhiwa hutupa chochote ulichonacho, na wasihangaike kuyatafutia maana. Mdogo wake Mama Aya, fundi seremala aliyeishi upande mwingine wa mji, alimshika daktari mkono kwa shukrani. Alijigamba kwamba yeye si mtu wa kuamini vitu visivyoonekana. Jioni hiyo hiyo alikuja na komeo nene kuliko yote ya karakana yake, akalifunga kwenye mlango wa nyuma, akasema ni kwa ajili ya wezi.

Siku ambayo mambo yalianza, Mama Aya alifika shuleni macho mekundu. Alikesha akimgeuza mama yake, na alipokumbuka kwamba hakutunga sentensi za somo la kwanza, wanafunzi walikuwa wameshasimama kumwamkia. Mwalimu mwingine angesema fungueni vitabu, yaishe. Yeye aliona aibu kusimama darasani mikono mitupu. Akawaita sita nje, akainama kwenye sikio la wa kwanza, akafungua mdomo akitumaini kwamba lolote litakuja. Likaja neno la mama yake. Alishtuka, lakini neno likishatoka halirudi. Akanong'ona la pili na la tatu, na alipofika kwa wa sita alikuwa ameyamaliza yote ambayo Mama alikuwa nayo.

Darasa lile halikuwahi kukubaliana hata juu ya zamu ya kufuta ubao. Lilikuwa na kijana mmoja waliyemwita Wakili, ambaye angeweza kukubishia kwamba mchana ni usiku, na ukaondoka ukiwa na shaka. Siku hiyo hakuna aliyebisha. Wale sita walisema sentensi zao mara moja, ovyo kama walivyosimama, kisha wakaanza kusogea wenyewe kabla darasa halijafungua mdomo. Walipotulia, Mama Aya aliwaambia waseme tena kutoka mwanzo.

"Mlango wa nyuma msiufunge," alisema wa kwanza.

"Kuna mtu anapitia huko."

"Amesimama uani."

"Ana kiu."

"Haingii mpaka aitwe."

Halafu pakawa kimya, na baada ya kimya hicho msichana mrefu aliyesimama mwisho akasema, "Sasa nitalala."

Maneno ambayo kwa miezi yalimdondokea Mama Aya moja moja, na ambayo daktari aliyaita mabaki, yalikuwa aya, tena aya safi, ya kupewa alama zote. Watano wa kwanza walikuwa wameshikana mikono. Ila kati ya wa tano na yule msichana palibaki nafasi, kubwa kiasi cha kumtosha mtu mmoja.

Aliwaambia wasogeleane. Hawakusogea. Kuna mmoja nyuma ya darasa alijaribu utani, akasema asiyekuwepo na lake halipo, wasogee tu, lakini hakuna aliyecheka.

"Siwezi, Mwalimu," alisema msichana. "Hapa pana mtu."

Wakili alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu aanze shule alizungumza polepole. Alieleza kwamba kuna sentensi Mwalimu ameisahau. Huyu wa tano anasema mtu haingii mpaka aitwe, na huyu wa mwisho anasema sasa analala. Hiyo "sasa" imetoka wapi, kama hakuna aliyeita? Lazima katikati pawe na mtu anayeita. Siku nyingine Mama Aya angempigia makofi, kwa kuwa hilo ndilo alilokuwa akiwafundisha mwaka mzima. Lakini alikuwa akitazama mikono. Mkono wa wa tano na mkono wa yule msichana ilikuwa imenyooshwa kwenye nafasi ile, vidole vimekunjwa nusu, kila mmoja kana kwamba umeshika mkono wa mtu aliyesimama hapo katikati. Kengele ilipolia, msichana alivifikicha vidole vyake kwenye sketi. Alisema vimekufa ganzi kwa baridi, na nje jua lilikuwa linawaka.

Alirudi nyumbani mchana akijiambia kwamba watoto ni watoto, wanaambukizana hofu upesi. Jirani aliyemwangalia Mama saa za shule alimkabidhi ufunguo na kwenda zake. Mama Aya aliketi kitandani, akampangusa mama yake midomo kwa kitambaa chenye maji, wala hakumwambia neno lolote kuhusu shule. Macho ya Mama yalitoka mlangoni, jambo ambalo halikuwa kawaida, yakamgeukia yeye.

"Wamemwachia nafasi," alisema Mama.

Sentensi hiyo haikuwemo miongoni mwa zile sita. Mama Aya aliweka kitambaa chini, akaenda sebuleni, akakaa sakafuni. Aliogopa, na hofu yenyewe ilikuwa ya ajabu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na furaha: mama yake alikuwa amemwambia kitu. Tangu kiharusi hakuwa ameambiwa kitu.

Mwalimu ni mtu wa kuhakikisha. Kesho yake aliingia mkondo wa pili wa darasa lile lile, watoto ambao hawakuona kilichotokea, akachagua wengine sita, akawanong'oneza sentensi zile zile kwa kuzichanganya makusudi, ya mwisho akaitanguliza. Ikiwa wangepanga tofauti, angecheka na kuendelea na maisha yake. Walipanga vile vile. Waliacha nafasi pale pale. Mtoto aliyesimama upande mmoja wa nafasi hiyo alisogea hatua kidogo, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwingine kwenye benchi, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mama Aya alifuta ubao ambao haukuwa na maandishi, akawaambia waandike chochote wanachotaka mpaka kengele.

Kutoka shuleni hakwenda nyumbani, alikwenda kwa mama yake mdogo. Mwanamke huyo, mdogo wa Mama wa tumbo moja, alikuwa akikunja nguo alizoanua. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na mikono ikaendelea kukunja shuka lile lile, analikunja na kulikunjua.

"Kabla yako kulikuwa na mtoto, mwanangu," alisema. "Wa kike."

Alizaliwa asubuhi katika nyumba ile ile, na mchana haukumkuta. Mama yake alikuwa amepoteza damu nyingi, amezimia, na alipozinduka mtoto alikuwa ameshatolewa kwa mlango wa nyuma na kuzikwa. Watu wazima wa wakati huo waliona wanamwepushia uchungu. Hakumwona sura. Mtoto hakupewa jina, na ilikubaliwa kwamba asitajwe, kwani asiyetajwa husahaulika upesi. Mama mdogo alisema hayo kwa hasira iliyokaa miaka mingi bila kutumika. Walidhani wamelifukia jambo, alisema, kumbe walimfukia dada yangu. Yule msemaji mliyemjua nyote alianza kusema baada ya siku hiyo. Kabla ya hapo alikuwa mtu mkimya.

Mama Aya aliuliza kama hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwita yule mtoto kwa lolote, hata kwa kubembeleza.

"Hakuna. Nani amwite, na sote tulikatazwa?"

Jioni alimweleza mdogo wake. Alitegemea acheke, na kwa kweli fundi alianza kucheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Alikwenda kulishika komeo lake, akalisukuma kuona kama limeingia vizuri. Aliporudi alikaa karibu na dada yake, akazungumza kwa sauti ya chini ili Mama asisikie. Kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko alivyopenda kuonyesha, na alikuwa ameshaifuata aya ile mpaka mwisho wake.

"Akiitwa, Mama atalala," alisema. "Na akilala, Dada, haamki. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria."

"Basi usimwite."

Hakumwita. Hapo ndipo penye ukweli ambao Mama Aya hakupenda kujiangalia nao kwenye kioo. Wiki ile na ile iliyofuata aliamka, akamwosha mama yake, akamlisha uji kwa kijiko, akaenda kufundisha, akarudi, na sentensi moja iliyokuwa inatakiwa aliimeza pamoja na mate. Aliogopa kubaki bila mama. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, anayeogopwa na wanafunzi mia kadhaa, na wazo la kutokuwa mtoto wa mtu yeyote lilimshinda. Mama ambaye halali ni bora kuliko kutokuwa na mama, alijiambia, na alijua kwamba hoja hiyo haina miguu.

Nyumba ilibadilika. Mchana kweupe, jua likiwa katikati ya ua, nguo zilizoanikwa kwenye kamba zilipepea zote isipokuwa moja, iliyotulia kama imeegemewa. Saruji iliyokuwa imekauka ilikuwa na unyevunyevu mbele ya kizingiti, sehemu ndogo, na bomba lilikuwa mbali. Jirani aliyemwangalia Mama alianza kuchelewa kuja, kisha akasema mtoto wake anaumwa, hawezi kuja tena. Hakuulizwa zaidi. Mama Aya aliomba ruhusa shuleni, mkuu akampa, na kutwa akakaa na mama yake wakisikilizana pumzi.

Mama naye alikuwa anaisha. Macho yalikauka mpaka yakahitaji matone, midomo ikapasuka, na zile sentensi zikaanza kumtoka moja baada ya nyingine. Kwanza aliacha kusema kuhusu mlango. Kisha akaacha kusema kuhusu kiu. Mwishowe alibaki na moja tu, na hakuisema tena akiangalia mlango. Alimwangalia binti yake.

"Sasa nitalala," alisema, na baada ya kitambo, tena, "Sasa nitalala."

Alisema kama mtoto anayeomba ruhusa kwa mkubwa wake. Ilikuwa Jumamosi, saa sita za mchana, redio za majirani zinalia, mtu anapigilia bati mahali fulani. Mama Aya alimtazama mwanamke huyo aliyekuwa amechoka kupita kiasi cha binadamu kuchoka, akaona kwamba anayemkataza kulala si mtu wa uani. Ni yeye. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja, akapiga moyo konde.

Komeo la fundi lilikuwa gumu, akalipiga kwa mchi mpaka likaachia. Mlango ukafunguka, na jua lote la ua likaingia. Hakukuwa na mtu. Alijaza kikombe maji, akakiweka kwenye kizingiti, akasimama kando kuacha njia. Halafu akagundua kwamba hajui aseme nini. Mwalimu wa sentensi, na sentensi imemkataa. Alijaribu kimoyomoyo karibu mgeni, akaifuta. Huyu hakuwa mgeni, alizaliwa hapa kabla yake. Alijaribu karibu mtoto, akaifuta hiyo pia, maana angekuwa hai sasa naye angekuwa na mvi. Kumtungia jina hakuweza, jina hupewa na aliyekuzaa. Katika maisha yake yote alikuwa ndiye mkubwa. Mdogo wake na binamu zake wote walimwita Dada, na yeye hakuwa na mtu wa kumwita hivyo. Alitamani, utotoni, mara nyingi, siku za kupigwa na siku za kuogopa.

"Dada," alisema, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Ingia ndani. Mama anakusubiri."

Nyundo ya bati ilinyamaza, au labda aliacha kuisikia. Nguo iliyokuwa imetulia kwenye kamba ilianza kupepea pamoja na nyingine. Ubaridi ulimpita kwenye mkono wa kushoto, taratibu, bila haraka yoyote, kama mtu mwenye adabu anavyopita karibu nawe kwenye chumba kidogo. Aliangalia chini, na kikombe kilikuwa kitupu. Alimgeukia mama yake. Macho ya Mama yalikuwa yanafuata kitu kutoka mlangoni hadi kitandani, si chini kwa kimo cha mtoto, bali juu, usawa wa uso wa mwanamke mzima. Kisha Mama, ambaye tangu kiharusi hakuwahi kujigeuza, alijivuta pembeni kidogo kwa upande wake uliokufa, akaacha nafasi kitandani. Godoro likabonyea hapo.

"Sasa nitalala," alisema Mama, na akafumba macho.

Fundi alipofika jioni alimkuta dada yake ameketi kwenye kigoda karibu na ukuta, mbali na kitanda, kama mtu aliyekuja kutembelea. Mama alikuwa amejilaza kwa ubavu, uso umetulia, mkono mmoja mbele yake na vidole vimekunjwa nusu. Hakuwa anapumua. Fundi alisimama hapo muda mrefu akilia bila sauti, na Mama Aya akamwacha alie. Alipomaliza, alijipangusa kwa shati, na kwa kuwa ni mtu wa kazi za mikono na hakujua afanye nini kingine, akaenda kwenye mlango wa nyuma kuufunga.

"Uache kwanza," alisema dada yake. "Hawajatoka."